Kutafuta jina la mwanahewa aliyezikwa bila jina: hatua kwa hatua

Makaburi ya vita ya Reichswald, magharibi mwa Ujerumani karibu na mpaka wa Uholanzi, yana askari 7,594 wa Jumuiya ya Madola wa Vita vya Pili vya Dunia, na makaburi 176 kati ya hayo hayana jina. Wanahewa waliolala pale wengi wao hawakufia pale. Baada ya vita miili ilifukuliwa kwenye makaburi ya vijijini, kando ya viwanja vya ndege na pembezoni mwa mashamba, ikaletwa mahali pamoja. Huku Runnymede, karibu na London, yamechongwa ukutani majina zaidi ya 20,000 ya wanahewa walioruka kutoka Uingereza na kaskazini na magharibi mwa Ulaya na ambao makaburi yao hayajulikani. Kule kuna mawe yasiyo na majina, huku kuna majina yasiyo na mawe. Mwongozo huu ni wa kuyakutanisha, na unahusu hasa wanahewa wa Uingereza na Jumuiya ya Madola.

Kanuni moja inatawala kazi yote. Haitoshi kuonyesha kwamba mtu wako anafaa kuwa ndiye aliye kaburini. Lazima uonyeshe kwamba hakuna mwingine anayeweza kuwa yeye. Kesi dhaifu kwa kawaida huwa na mtu anayefaa vizuri kabisa. Kinachokosekana ni kazi ya kuwachuja wengine.

Jembe lisiguse ardhi

Kazi hii ni ya karatasi. Mamlaka za Uingereza hazifukui kaburi la asiyejulikana ili kupima DNA. Vipimo hivyo hufanyika pale tu mabaki ya mwili yanapoonekana upya, kwa mfano wakati wa ujenzi. Wamarekani wana utaratibu tofauti: shirika lao la kutafuta wanajeshi waliopotea, DPAA, hufukua makaburi ya wasiojulikana pale ushahidi wa karatasi unapokuwa na nguvu ya kutosha, ndipo maabara inachukua nafasi. Usichanganye taratibu hizi mbili wala usiahidi familia ya Uingereza vipimo ambavyo havitafanyika.

Mahali ndege ilipoanguka pia pana sheria. Nchini Uingereza, Sheria ya Kulinda Mabaki ya Kijeshi ya 1986 inalinda kila ndege ya kijeshi iliyoanguka, na kuchimba bila leseni ni kosa. Kwingineko sheria hutofautiana, lakini hatari ni ileile: mabomu na risasi za 1943 bado zinaweza kulipuka. Ukiona mfupa juu ya ardhi, usiuokote. Piga picha, weka alama ya mahali, ita polisi.

1. Soma jiwe lote, halafu majirani zake

Piga picha ya jiwe na ya mawe matano kila upande, pamoja na mstari wa nyuma na wa mbele. Andika namba ya kitalu, ya mstari na ya kaburi. Maneno ya chini, KNOWN UNTO GOD, yaani anajulikana kwa Mungu, yapo karibu kwenye kila jiwe la namna hii. Yanayokusaidia ni ya juu. "Mwanahewa wa Vita vya 1939–1945" ni jiwe gumu. Lakini kama limeandikwa sajenti, au Jeshi la Anga la Kanada, au lina tarehe, maana yake aliyeuona mwili aliona kitu: alama ya cheo begani, kitambaa chenye neno CANADA, kifungo. Jiwe lenye cheo na nchi linaweza kupunguza orodha ya mamia ikabaki watu wachache.

Majirani wanaeleza mengi. Wakiwa sita wa ndege moja wamelala kwa mfululizo, na wa saba wao yuko Runnymede, na kando yao pana asiyejulikana, moyo utakuambia umemaliza. Subiri hatua ya tatu.

2. Karatasi za Tume

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ifahamikayo kwa herufi CWGC, imeweka kwenye tovuti yake nakala za fomu za kila kaburi. Tatu ni za lazima: fomu ya usajili wa makaburi, orodha ya maandishi ya mawe, na ripoti ya kufukua na kuzika upya. Hii ya mwisho ndiyo yenye uzito. Inaonyesha mwili ulitolewa wapi, lini, na kilichokutwa nao: "koti la sajenti", "buti", "alama ya dobi". Wakati mwingine kuna jina lililokatwa kwa wino na jingine kuandikwa juu. Jina lililokatwa ni kidokezo, lichunguze.

Mahali pa kwanza pa kuzikwa huandikwa kwa namba za ramani ya kijeshi ya wakati ule, wala si kwa latitudo na longitudo. Toleo la ramani limetajwa kwenye fomu. Zigeuze kwa kutumia toleo hilohilo, kisha angalia kama kijiji kilichotajwa kipo pale kweli. Tarakimu moja ikikosewa unaweza kuhama kilomita kumi, na makarani walikosea mara nyingi.

Kuanzia hapa sahau eneo la sasa la kaburi. Unachotafuta ni nani alianguka karibu na mahali pa *kwanza*. Hapa ndipo wageni wa kazi hii wanapotea, kwa sababu majirani wa leo wanaweza kuwa wametoka vijiji tofauti kabisa.

3. Jedwali la waliokuwamo ndegeni

Kama unaanzia kwa mtu, tafuta rekodi yake ya CWGC, halafu daftari la shughuli la skwadroni yake, yaani kikosi chake cha ndege. Madaftari hayo yako Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, katika mfululizo wa AIR 27. Fomu 540 ni muhtasari wa mwezi. Fomu 541 ndiyo yenye kila safari: namba ya ndege, majina ya wote waliopanda, saa ya kuruka, shabaha. Chukua zote mbili.

Tengeneza jedwali la ndege nzima na hatima ya kila mmoja: amezikwa wapi, alitekwa, alitoroka, hajulikani. Ndege aina ya Lancaster na Halifax kwa kawaida zilibeba watu saba, Wellington watano au sita, Mosquito wawili. Usitegemee kawaida hiyo, hesabu majina. Rubani mgeni wa skwadroni alipandishwa kama abiria wa kujifunza kabla ya kupewa ndege yake, hivyo Lancaster ya watu wanane si ajabu. Ukikosa kumwona huyo wa nane, hesabu yako yote imeharibika.

Tarehe nazo zina mtego. Ndege iliyoruka saa nne usiku tarehe 24 iliangushwa tarehe 25, na rekodi zinaweza kuandika yoyote kati ya hizo. Tafuta siku moja kabla na moja baada. Saa za Uingereza na za Ujerumani pia hazikulingana misimu yote, kwa hiyo tofauti ya saa moja kati ya ripoti ya Mjerumani na ya Mwingereza si lazima iwe ndege mbili.

4. Duara la walioanguka karibu

Chora duara kuzunguka mahali pa kwanza pa kuzikwa. Kwa nchi kavu, kilomita 15 ni mwanzo mzuri, kwa usiku husika na usiku mbili zilizotangulia. Orodhesha kila ndege iliyoanguka humo, na kila mtu wa ndege hizo asiye na kaburi. Aliyeruka kwa parachuti anaweza kutua kilomita kadhaa kutoka ndege ilipogonga, na ndege iliyopasuka angani humwaga watu na vipande kwenye njia ndefu. Katika usiku wa mashambulizi makubwa ya Ruhr au Berlin, duara dogo linaweza kuwa na ndege tano.

Mto unabadilisha kila kitu. Mwili ulioopolewa Rhine unaweza kutoka mbali sana juu ya mto, kwa hiyo duara linakuwa mstari unaofuata maji, na muda unakuwa wiki. Baharini ni pagumu zaidi. Miili ilielea kutoka katikati ya Bahari ya Kaskazini hadi visiwa vya Frisia, Denmark na Sweden, na ilifika ufukweni baada ya wiki au miezi. Daftari la kanisa la pwani mara nyingi huandika siku mwili ulipookotwa, na siku hiyo ikaja kuchukuliwa kuwa siku ya kufa. Kwa kaburi la pwani, kama hakuna cheo, nchi, au alama ya kazi, ni haki kukubali kwamba ushahidi hautoshi na kuliacha.

5. Kilichokutwa mwilini

Waingereza walivaa visahani viwili vya utambulisho: kimoja cha duara chekundu, kingine cha pembe nane cha kijani. Vilitengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa. Havikuwa vya chuma kama vya Wamarekani, kwa hiyo viliungua motoni na kuoza udongoni, na hii ni sababu mojawapo ya kuwapo kwa wanahewa wengi hivi wasio na majina. Basi utambulisho ukaegemea nguo.

Rubani alivaa mabawa mawili kifuani. Wengine walivaa bawa moja lenye herufi: N kwa mwelekezi wa njia, B kwa mlenga mabomu, E kwa fundi wa ndege, AG kwa mpiga bunduki, O kwa mwangalizi, jina la zamani la kazi iliyojumuisha kuelekeza njia. Herufi hizi zina mitego miwili. N, B na E zilianza 1942, lakini aliyefuzu kabla yake aliendelea kuvaa O yake, kwa hiyo O kwenye mwili wa 1944 haimwondoi mwelekezi wa njia. Na mwendesha redio alivaa AG mpaka S ilipoanzishwa 1944, kwa hiyo AG haimaanishi mpiga bunduki peke yake. Tazama kama ripoti inataja nembo ya redio kwenye mkono wa koti.

Sare ya Waaustralia ilikuwa bluu iliyokoza, tofauti na bluu-kijivu ya Waingereza, na mfukuaji makini aliiandika. Namba za Wakanada zilianza na R kwa wa vyeo vya chini na J kwa maofisa.

Cheo kinadanganya. Sajenti aliyepandishwa kuwa ofisa alipewa namba mpya, na taarifa ilichelewa. Aliweza kufa akiwa ofisa kwenye karatasi huku amevaa alama za sajenti na visahani vyenye namba ya zamani. Tafuta namba zote mbili za kila mtu kwenye orodha yako. Nguo nazo ziliazimwa: jina lililoandikwa ndani ya koti ni jina la mwenye koti, na inawezekana mwenyewe alikuwa kambini usiku huo. Alama ya dobi, yenye herufi na tarakimu nne za mwisho za namba, ina nguvu zaidi ikiwa kwenye shati au soksi kuliko kwenye koti la ngozi.

Urefu: rekodi za kuandikishwa ziko kwa futi na inchi (inchi 1 ni sentimita 2.54), na makadirio kutoka mifupa hukosea sentimita kadhaa. Tofauti ya sentimita tatu haimwondoi mtu. Ya kumi na tano inamwondoa. Kwa meno, hakikisha unajua mchoro umechorwa kutoka upande wa daktari au wa mgonjwa, la sivyo kushoto kutakuwa kulia.

6. Mafaili ya wachunguzi wa wakati ule

Baada ya vita, kitengo cha Jeshi la Anga la Uingereza cha kutafuta waliopotea, MRES, kilituma maofisa vijijini kuhoji wazikaji, makasisi, mameya na wachimba makaburi. Kufikia mwisho wa 1949, kati ya wanahewa 41,881 waliopotea, 23,881 walikuwa na makaburi yanayojulikana, na 9,281 waliandikwa rasmi kuwa wamepotea baharini. Kazi waliyofanya ni ya kuheshimiwa, na sehemu kubwa ya majibu unayotafuta wao walikwisha kuyakaribia wakakosa karatasi moja tu.

Mafaili ya Uingereza yako Kew, mfululizo wa AIR 81, na yanafunguliwa kwa awamu. Kama la mtu wako halijafunguliwa, angalia kama ndege ilikuwa na Mwaustralia. Mfululizo wa A705 wa Hifadhi ya Taifa ya Australia una mafaili ya waliopotea, mengi yamepigwa picha na yako mtandaoni, na faili la Mwaustralia mmoja hubeba ripoti ya uchunguzi ya ndege nzima, Waingereza wakiwemo. Kanada nayo imehifadhi mafaili ya utumishi ya waliokufa vitani. Anza na mgeni wa ndege kabla ya Mwingereza, utaokoa miezi.

Ndani ya mafaili utaona orodha za vifo za Wajerumani, Totenliste, zilizopitia Msalaba Mwekundu Geneva. Majina yamepindwa kwa kusikilizwa na kupigwa simu ya upepo, na tarakimu zimegeuzwa. Usitafute jina kama lilivyo. Litamke kama Mjerumani angelisikia, kisha lilinganishe. Angalia pia hesabu ya majeneza: ndege ikilipuka na mabomu yake, Wajerumani waliweza kusimamisha misalaba saba juu ya majeneza manne. Hapo jiwe la "mwanahewa asiyejulikana" linaweza kuwa la mabaki ya watu wawili, na kesi ya mtu mmoja itaanguka.

Nenda pia ngazi ya kijiji: daftari la vifo la halmashauri, ripoti ya polisi iliyoeleza nywele na mavazi, risiti ya jeneza. Andika barua kwa lugha yao, taja tarehe na mahali tu, usitaje jina unalolitaka. Ukilitaja, utajibiwa jina hilohilo.

7. Mabaki ya ndege, kama yapo

Namba kwenye kipande cha chuma si lazima iwe namba ya ndege. Vipande vya ndege ya kivita ya Spitfire hupigwa namba ya mchoro: 300 ni ya muundo wa kwanza, 349 ya toleo la Mk V, 361 ya toleo la Mk IX. Lakini Mk IX ilijaa vipande vya 300, kwa sababu kipande ambacho hakikubadilishwa kilibaki na namba yake. Tafuta namba *kubwa* kuliko zote. Namba ya kiwanda pia si ya jeshi. P-38, ndege ya Kimarekani iliyoopolewa karibu na Marseille, Ufaransa, 2003, ilitambuliwa kwa namba ya kiwanda 2734, ambayo ilibidi ifuatwe kwenye kumbukumbu za mtengenezaji ndipo namba ya jeshi, 42-68223, ikapatikana. Kwa ndege za Wamarekani, ripoti za ndege zilizopotea, MACR, zilizoanza 1943, zina namba za injini na za bunduki. Bamba moja la injini linatosha.

Ndege ya mabomu aina ya Stirling iliyoopolewa kwenye ziwa la Markermeer, Uholanzi, 2020, ni funzo kwa kila anayeharakisha. Kipande chake kilionekana 2008, na kwanza ilidhaniwa kuwa BK710. Kasha la sigara lenye herufi tatu za jina lilielekeza kwenye ndege nyingine ya aina hiyohiyo, BK716, iliyopotea Machi 1943 na watu saba.

Pwani yetu

Anayetafuta mwanahewa aliyepotea Afrika Mashariki asiende Runnymede. Waliopotea hapa bila kaburi, pamoja na wale wa Ethiopia, Somalia na Madagaska, wako kwenye mnara wa Alamein, Misri. Skwadroni kama 209 na 259 zilirusha ndege za majini aina ya Catalina kutoka Kipevu, Mombasa, na Dar es Salaam kuwinda manowari, na madaftari yao yako AIR 27 kama ya wengine. Nyaraka za wanahewa wa Afrika Kusini walioruka kutoka Kenya 1940 na 1941 ziko Pretoria. Kwa kaburi la pwani, mzee wa kijiji anaweza kujua mwili uliookotwa ulizikwa wapi. Muulize bila kumpa jibu, na andika maneno yake kama alivyoyasema.

8. Mchujo

Sasa andika jedwali moja: kila mtu anayewezekana, cheo, nchi, kazi, ndege, umbali kutoka kaburi la kwanza, sababu ya kumwondoa, na waraka unaothibitisha sababu hiyo. Safu ya mwisho isiwe tupu popote. "Haielekei kuwa yeye" si sababu. "Mwili ulikuwa na alama za Kanada, huyu ni Mwingereza" ni sababu, ikiwa una ukurasa wa fomu. Wakibaki wawili, jiwe halitapata jina, hata kama mmoja anapendeza zaidi. Hifadhi kazi hiyo. Faili litakalofunguliwa baadaye linaweza kumwondoa mmoja.

Mpe mtu mwingine jedwali hilo na umwombe alivunje. Akipata ndege moja uliyoiacha nje ya duara, amekusaidia kuliko aliyekupongeza.

9. Kupeleka kesi

Kesi ya mwanahewa wa Jumuiya ya Madola inapelekwa CWGC kwa maandishi. Weka mbele ukurasa mmoja: kaburi gani, nani, kwa nini. Fuatisha hoja, jedwali la mchujo, kisha nakala za nyaraka zikiwa na namba za mafaili ili msomaji azifuate mwenyewe. Weka pia ushahidi unaokupinga na uujibu. Wataukuta tu, na ukiwa umeuficha, hawatakuamini kwingine.

CWGC huchunguza, na ikiridhika hupeleka kwa mamlaka ya jeshi husika: kwa Jeshi la Anga la Uingereza ni tawi lake la historia, na Kanada, Australia na New Zealand zina zao. Kipimo ni ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi. Inaweza kuchukua miaka.

Katika kipindi hicho usiitafute familia kuwaambia umempata, na usitangaze jina. Kutafuta ndugu ni kazi ya kitengo cha wizara ya ulinzi, JCCC, na hufanyika baada ya uamuzi. Mpwa wa miaka themanini aliyeambiwa "tumempata mjomba wako" halafu kesi ikakataliwa amefiwa mara ya pili. Ukikubaliwa, jiwe la zamani litaondolewa, jipya lenye jina litawekwa, na ndugu wataalikwa kwenye ibada ya kuliweka wakfu. Familia hupewa nafasi ya kuchagua maneno ya chini ya jiwe, pale palipokuwa na KNOWN UNTO GOD.